Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Bomba la Maji na Deni Lake

Kazi yangu ya kwanza niliifanya kwenye idara ya uhasibu ya mamlaka moja ya maji ya umma. Nikakabidhiwa daftari la wadaiwa. Nilitegemea kukuta majina ya watu wa kawaida, wale ambao mafundi wetu walikuwa wakiwakatia maji kila mwisho wa mwezi huku majirani wakichungulia madirishani. Walikuwemo, kurasa kwa kurasa, kila mmoja na kadeni kake kadogo. Mzigo wenyewe ulikuwa nyuma ya daftari: kambi, gereza, hospitali, vyuo, ofisi za wizara. Wengine hawakuwa wamelipa tangu kabla sijamaliza shule.

Nikamfuata mhasibu mkuu. "Mzee, samahani. Hawa mbona hatuwakatii?"

Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati. "Kijana wangu, ukimkatia maji mwenye nyumba, wewe utalala wapi?"

Kwa miaka mingi jibu lile ndilo lililokuwa silaha yangu kila mjadala wa ubinafsishaji ulipozuka. Mamlaka ya umma, nilikuwa nasema, mmiliki wake ndiye mdaiwa wake sugu. Basi auziwe mtu mwingine, atakayethubutu kumkatia maji hata waziri. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko ujuzi wangu. Kilichokuja kunitoa huko ni mizania. Nilianza kusoma hesabu za mwaka za kampuni za maji za Uingereza, mwanzoni kwa sababu za kikazi, baadaye kwa udadisi unaokaribia ugonjwa. Huko wadaiwa hawakuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa upande wa pili wa hesabu, kwa wadai.

Tangu hapo swali la kama maji yawe ya serikali au ya mtu binafsi linanichosha haraka. Siku hizi nauliza jingine: nani ana ruhusa ya kulikopea bomba, na siku mambo yakiharibika, nani anaweza kuondoka?

Bomba ni mali ya ajabu kidogo. Linazikwa ardhini, likitengenezwa vizuri linaweza kudumu miaka 60, 80, hata 100, na hakuna jirani anayeweza kuja kuchimba la kwake pembeni ili ashindane nawe. Kwa sababu hiyo kulijenga kwa mkopo ni haki kabisa. Ukitaka wateja wa mwaka huu walipie taslimu bomba litakalowanywesha wajukuu wao, utawaonea. Mkopo wa hatifungani wa miaka 30 au 40 unagawa mzigo huo kati ya vizazi. Ninawaheshimu wahandisi na wahazini wa zamani waliolielewa hilo. Lakini tazama sifa hizohizo kwa jicho la mkopeshaji. Mteja hawezi kuhama. Hawezi kuacha kunywa, kupika wala kuoga. Bei inapangwa na mdhibiti, kwa hiyo mapato ya miaka mitano ijayo yanajulikana leo. Hata mwenye kampuni akianguka, sheria haitaruhusu maji yakatike. Ni dhamana gani nyingine duniani iliyo nzuri namna hiyo? Kinachofuata ni kishawishi: anayelishika bomba anaweza kulikopea kitu ambacho si bomba.

Uingereza ndiko hadithi hiyo ilikoandikwa kwa hati safi zaidi, kwa hiyo nitakaa huko kidogo.

Mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher iliuza mamlaka 10 za maji na maji taka za England na Wales. Uuzaji wenyewe uliingiza pauni bilioni 7.6. Ila kabla ya kumtoa bibi harusi, serikali ilimfutia madeni ya takriban pauni bilioni 5, kisha ikamwongezea fedha taslimu za zaidi ya bilioni moja na nusu ili aanze maisha na mito safi. Fedha hizo Waingereza wenyewe waliziita "mahari ya kijani", na hapo sitanii. Kutoa hesabu hizo ni kazi ya darasa la nne. Kampuni zikaanza safari zikiwa karibu hazidaiwi, jambo ambalo mamlaka za umma zilizotangulia hazikuwahi kuonjeshwa. Kwa miaka iliyotangulia hazina ilikuwa imezibana zisikope hata kwa kazi za lazima, kwa kuwa kila mkopo wao ulihesabika kwenye deni la taifa. Yaani serikali ilimnyima chakula mwanawe, kisha ikamshibisha siku ya kumkabidhi kwa wengine.

Leo kampuni hizo kwa jumla zinadaiwa zaidi ya pauni bilioni 60. Katika kipindi hicho wamiliki wamechukua makumi ya bilioni za pauni kama magawio. Watetezi wao husema, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba uwekezaji mkubwa umefanyika pia, kwamba fukwe zilisafishwa na ubora wa maji ya kunywa ukapanda. Ni kweli. Bili za wateja nazo zilikuwa zinaingia kila mwezi miaka yote hiyo, na zingeweza kubeba sehemu kubwa zaidi ya uwekezaji huo kama magawio yasingekuwa yanatoka kwa mlango wa nyuma.

Thames Water, inayohudumia watu wapatao milioni 16 ndani na pembezoni mwa London, ndiyo darasa lenyewe. Ilinunuliwa na RWE ya Ujerumani mwaka 2001. Mwaka 2006 ikauzwa kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Macquarie, benki ya Australia, kwa takriban pauni bilioni 8 ukijumlisha na madeni iliyokuwa nayo. Wanunuzi walikopa sehemu ya fedha za kununulia. Hilo peke yake si dhambi, kila anayenunua nyumba hufanya hivyo. Lakini baadaye kama bilioni 2 za mkopo ule zililipwa kwa fedha ambazo Thames yenyewe ilizikopa, kupitia kampuni tanzu iliyosajiliwa Visiwa vya Cayman. Maana yake ng'ombe alilipa deni la kununuliwa kwake, huku anaendelea kukamuliwa. Deni la Thames lilikuwa pauni bilioni 3.4 hivi Macquarie ilipoingia. Ilipouza hisa zake za mwisho mwaka 2017, lilikuwa bilioni 10.8.

Nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza nilirudi nyuma kuhakikisha sijaruka ukurasa. Sikuwa nimeruka. Kila hatua ilikuwa halali, kila ukurasa una sahihi ya mkaguzi, na mdhibiti, Ofwat, alikuwepo ofisini muda wote huo. Aliona kwamba namna ya kampuni kujipatia mtaji ni jambo la wenye kampuni, mradi bili zisipande. Ni kosa la mtu anayekagua paa bila kushuka kuangalia msingi.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wengi hulipita, nami nitaliganda kwa sababu ndilo lililomaliza kazi. Sehemu kubwa ya mikopo ya kampuni hizi imefungwa kwenye mfumuko wa bei: bei zikipanda, deni lenyewe linavimba. Mantiki yake ilikuwa nzuri. Bili za maji nazo hupanda na mfumuko wa bei, kwa hiyo mapato na deni vitakwenda sambamba kama ndugu wawili njiani. Bahati mbaya ndugu hao walipimwa kwa rula mbili. Mikopo mingi ya zamani ilifungwa kwenye kipimo cha zamani cha bei za rejareja, kile kinachopanda zaidi. Kuanzia 2020 Ofwat ikaanza kuzihamishia bili kwenye kipimo kingine, cha chini zaidi. Kisha ukaja mwaka 2022. Oktoba ile kipimo cha zamani kilizidi asilimia 14. Ukiwa unadaiwa mabilioni kwa masharti hayo, unalala unadaiwa kiasi kimoja na kuamka unadaiwa kingine, bila kukopa hata senti.

Machi 2024 wanahisa wa Thames walikataa kuweka pauni milioni 500 walizokuwa wameahidi. Walisema kwa masharti ya mdhibiti kampuni hiyo haiwekezeki. Mwezi uliofuata kampuni mama, Kemble, ilishindwa kulipa riba ya deni lake. Na hapa ndipo neno "binafsi" linapoanza kuniteleza mkononi, kwa sababu wanahisa wenyewe walikuwa nani? Aliyekuwa na hisa nyingi kuliko wote, karibu theluthi moja, ni OMERS, mfuko wa pensheni wa watumishi wa manispaa wa jimbo la Ontario, Kanada. Alifuatiwa na mfuko wa pensheni wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya Uingereza. Walikuwemo pia mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Abu Dhabi na ule wa serikali ya China. Kwa maneno mengine, maji ya London yalikuwa kwa sehemu mali ya serikali, ila serikali za wengine. Na OMERS ilipoamua kuifuta hisa yake yote vitabuni, fedha iliyozama ilikuwa ya uzeeni ya wafagiaji barabara, makarani na wazima moto wa Kanada. Sina furaha yoyote nikiandika hivyo. Macquarie ilikuwa imeshaondoka miaka saba kabla.

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya kupinga ubinafsishaji na marafiki zangu wa mrengo huo wangenipigia makofi. Tatizo ni Alabama.

Kaunti ya Jefferson, ambako ndiko lilipo jiji la Birmingham la Marekani, ina mfumo wa maji taka unaomilikiwa na umma asilimia mia. Mwaka 1996 ilikubali mbele ya mahakama kuacha kumwaga uchafu kwenye mito, Cahaba ukiwemo. Kazi hiyo ilihitaji fedha nyingi, nayo ikakopa zaidi ya dola bilioni 3. Mwanzoni mikopo ilikuwa ya kawaida, riba isiyobadilika. Kati ya 2002 na 2003 wakashauriwa waibadilishe: wachukue hatifungani za riba inayopanda na kushuka, kisha waingie mikataba na mabenki ya kubadilishana riba, kaunti ilipe benki riba isiyobadilika na benki iilipe inayobadilika, ili wajikinge na kupanda huko. Kwa lugha ya sokoni, walinunua mwavuli uliotobolewa, na fundi wa mwavuli akalipwa mara mbili. Mwaka 2008 masoko ya fedha yalipoporomoka, kampuni zilizokuwa zimeziwekea bima hatifungani zao zikaporomoka nazo, riba waliyolipa ikaruka, ile waliyolipwa na mabenki ikashuka.

Mchakato ule ulikuwa umepakwa rushwa. Larry Langford, aliyekuwa rais wa tume ya kaunti wakati mikataba mingi inasainiwa na baadaye meya wa Birmingham, alitiwa hatiani Oktoba 2009 na kuhukumiwa miaka 15. JPMorgan, bila kukiri wala kukana kosa, ilikubali mwezi uliofuata kulipa dola milioni 75 na kusamehe milioni 647 ilizokuwa inaidai kaunti kwa kuvunja mikataba. Haikutosha. Novemba 2011 Jefferson iliomba kufilisika ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 4, na hakuna serikali ya mtaa Marekani iliyokuwa imewahi kufilisika kwa kiasi hicho. Detroit iliivunja rekodi hiyo miaka miwili baadaye, na sehemu kubwa ya deni lake nayo ilikuwa ya mabomba.

Hakuna mwanahisa hata mmoja katika hadithi ya Jefferson. Hakuna gawio. Bomba lilikopewa vilevile, na vitu visivyo bomba vikalipwa: ada za mabenki, za mawakili, za washauri, bahasha za wakubwa. Walipotoka kwenye ufilisi Desemba 2013, wadai walisamehe karibu dola bilioni 1.4 na deni lililobaki likageuzwa hatifungani mpya za miaka 40. Bili zikapangiwa kupanda kwa asilimia 7.89 kila mwaka kwa miaka minne ya kwanza, halafu kidogo kidogo baada ya hapo. Langford alikuwa gerezani. Wateja walikuwa bado jikoni kwao, mbele ya bomba lilelile.

Kuna namna ya tatu ya kulemewa, nayo haihitaji mwizi wala mlafi. Manila, mji mkuu wa Ufilipino, iliwakabidhi waendeshaji binafsi maji yake mwaka 1997. Jiji likagawanywa sehemu mbili. Mamlaka ya umma ilikuwa na madeni ya nje kwa dola, na katika mgao, mwendeshaji wa upande wa magharibi, Maynilad, alibebeshwa karibu asilimia 90 ya kulipa madeni hayo. Wa mashariki, Manila Water, akapewa 10. Mikataba ilisainiwa Februari. Makabidhiano yakawa Agosti. Katikati hapo, Julai, ukaanguka mtikisiko wa fedha wa Asia. Dola iliyokuwa peso 26 ikavuka 40. Watu wanalipa bili kwa peso, deni linadai dola. Ndani ya miaka michache Maynilad ilikuwa imeacha kulipa ada za mkataba, serikali ikalazimika kuingia, na kampuni ikaja kuuzwa upya kwa wamiliki wengine mwishoni mwa 2006. Manila Water, jiji lilelile, sera ileile, mdhibiti yuleyule, ilistawi. Kila mtu anapotumia Manila kuthibitisha kwamba ubinafsishaji unafaa au haufai, mimi humuuliza: mashariki au magharibi?

Dar es Salaam nayo haiwezi kuachwa, kwa sababu huko deni na mwendeshaji waliachana waziwazi. Kumkabidhi mtu binafsi uendeshaji wa maji ya jiji kulikuwa miongoni mwa masharti Tanzania iliyopewa ili isamehewe madeni ya nje. Tazama tu uzuri wa mzunguko huo. Kwa ajili ya mradi zikatafutwa fedha za zaidi ya dola milioni 140 kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Fedha hizo zilikopwa na serikali. City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa ndani, ilipewa mkataba wa miaka 10 wa kuendesha, kukusanya bili na kulipa kodi ya kupanga miundombinu kwa DAWASA, mamlaka ya umma ya maji ya jiji. Ilianza Agosti 2003. Makusanyo yakawa chini ya matarajio, kodi ikachelewa, na Mei 2005 serikali, kupitia waziri wa maji wa wakati huo Edward Lowassa, ikauvunja mkataba. Viongozi wa kampuni wakasindikizwa hadi uwanja wa ndege.

Kesi mbili zikafuata. Katika ya kwanza, kampuni iliagizwa kuilipa DAWASA takriban pauni milioni 3. Katika ya pili, mwaka 2008, wasuluhishi walisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyowaondoa, lakini hailipi hata senti, kwa kuwa kampuni yenyewe ilikuwa haina thamani tena siku ya kuondolewa. Wanasheria wanaipenda sana hukumu hiyo. Mimi naangalia mstari mwingine: mwendeshaji alikaa chini ya miaka miwili, na mikopo ya mradi ikabaki kwenye vitabu vya taifa kulipwa kwa miongo kadhaa. Wanaosema sekta binafsi italeta mtaji wake wajue kwamba katika mikataba mingi ya aina hii mtaji mkubwa ni wa umma tangu siku ya kwanza. Binafsi analeta mameneja na nembo.

Basi kuna aliyefanya vizuri? Wapo, na hawako upande mmoja.

Wales hunivutia kuliko wote. Kampuni ya maji ya huko ilipouzwa mwaka 1989 ilijiingiza kwenye biashara nyingine, umeme na hoteli zikiwemo, ikazama. Mwaka 2001 ikanunuliwa na Glas Cymru, kampuni isiyo na mwanahisa yeyote, iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Bei ilikuwa pauni 1. Pauni moja, pamoja na deni la pauni bilioni 1.85. Siku ile deni lilikuwa sawa na asilimia 93 ya thamani ya mali yake inayotambuliwa na mdhibiti. Mkopeshaji mwoga angekimbia. Lakini kwa kuwa hakuna wa kudai gawio, ziada ilikwenda kupunguza deni na kukarabati mabomba, na baada ya miaka kadhaa uwiano ule ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 60. Je, ni malaika? La. Mwaka 2024 Ofwat iliibana kwa pauni milioni 40 kwa kutoa takwimu zisizo sahihi za uvujaji na matumizi ya maji. Kuondoa wanahisa hakuondoi meneja anayependa namba nzuri.

Scotland walikataa kuuza tangu mwanzo. Mwaka 1994 mkoa wa Strathclyde uliwapigisha watu kura kwa posta, na asilimia 97 wakasema hapana. Scottish Water ni ya umma hadi leo na inakopa kwa serikali yake. Wanaopenda umiliki wa umma huishia hapo. Mimi naongeza Ireland Kaskazini, ng'ambo ya kijimlango cha bahari. Kule nako maji ni ya umma, na kaya hazipati bili ya maji. Kampuni inategemea ruzuku ya serikali ambayo haijawahi kutosha, na matokeo yake katika miji mingi mfumo wa maji taka umejaa kiasi kwamba nyumba mpya zinakosa pa kuunganishwa. Deni halionekani kwenye mizania. Limo ardhini, kwenye mabomba ambayo hayakujengwa, na hilo ndilo deni gumu kuliko yote kwa sababu halina mkataba wala tarehe ya mwisho.

Na wale wanaosema "turudishe tu kwa umma" wapitie Berlin. Jiji liliuza asilimia 49.9 ya maji yake mwaka 1999. Wananchi wakapiga kura 2011 kulazimisha mikataba ya siri iwekwe wazi, na kati ya 2012 na 2013 jiji likanunua hisa zake kutoka RWE na Veolia kwa zaidi ya euro bilioni 1.2. Fedha zilitoka wapi? Zilikopwa, na mkopo unalipwa kwa mapato ya maji. Paris ilikuwa na akili au bahati zaidi: ilisubiri mikataba ya waendeshaji wake wawili iishe, ikaikabidhi kazi kampuni yake ya umma, Eau de Paris, mwaka 2010 bila kulipa fidia kubwa, na mwaka uliofuata ikashusha bei kwa asilimia 8.

Nikimkumbuka Mzee wangu na miwani yake, namfikiria pia Ek Sonn Chan. Alipewa mamlaka ya maji ya Phnom Penh, Kambodia, mwaka 1993, nchi ikiwa imetoka vitani. Asilimia 72 ya maji yalipotea au hayakulipiwa. Alifukuza wafanyakazi waliokuwa wakiuza maji kimagendo, akafunga mita kila nyumba, kisha akafanya lile ambalo sisi tulicheka tu: aliwafuata wakubwa. Jeshi, wizara, majenerali. Ilifika siku akaelekezewa bunduki akiwa kwenye kazi ya kufunga mita. Upotevu ule ulishuka hadi kama asilimia 6, kiwango ambacho London yenyewe haijakinusa. Mamlaka ikabaki kwa sehemu kubwa ya umma, ikakopa, ikalipa. Kwa hiyo, Mzee, inawezekana kumkatia maji mwenye nyumba. Inahitaji tu mtu ambaye mwenye nyumba mkubwa zaidi, huko juu kabisa, amekubali kumkinga. Bila hilo jina la mmiliki kwenye hati halisaidii kitu.

Nikisukumwa ukutani niseme nachagua nini, nachagua umma au mfano wa Wales, kwa sababu nyepesi: pale mmiliki hawezi kuuza na kuondoka, kuna uwezekano wa kumkamata. Lakini ningeweka kifungo kabla ya kuweka bendera. Mkopo wa bomba uende kwenye bomba. Asikope dola anayelipwa kwa fedha ya nyumbani. Asitoe gawio yeyote wakati deni linakua, awe mfuko wa Kanada au hazina ya serikali inayokamua mamlaka yake, maana hizo nazo zipo. Ningependa pia kila bili ya maji ionyeshe mstari mmoja wa ziada: katika hela hii, kiasi gani ni cha maji, kiasi gani ni cha riba. Nadhani mijadala mingi ingefupika.

Thames, kwa upande wake, haijafika mwisho. Februari 2025 Mahakama Kuu ya London iliiruhusu kukopa hadi pauni bilioni 3 za dharura kwa riba ya asilimia 9.75. Mwezi Mei Ofwat iliitoza faini ya milioni 122.7, na kati ya hizo milioni 18.2 zilikuwa kwa ajili ya magawio yaliyotolewa kinyume cha masharti. Juni mwekezaji wa Marekani, KKR, aliyekuwa ameteuliwa kuinunua, akajitoa. Waliobaki mezani ni wakopeshaji wenyewe, ambao sasa wamejitokeza kutaka kugeuka wamiliki: aliyekuwa anakudai nje ya mlango anaomba funguo za nyumba. Wako tayari kusamehe sehemu ya deni. Miongoni mwa waliyoyaomba ili wakubali, ni kulegezewa adhabu za uchafuzi wa mito.